Ale bwaloni au ajipikie? Hesabu tuliyoifanya Mayoni

Wiki mbili zilizopita nilikuwa Mayoni, kaunti ya Kakamega, nyumbani kwa dada yangu aliyeolewa huko. Mwanawe amepata nafasi katika Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, na mimi mjomba wake ndiye mwenyeji wa huku. Tulipomaliza ugali na mrenda, dada akaniuliza: "Kaka, huyu mtoto akae hosteli ya chuo ale bwaloni, au tumpangie chumba nje ajipikie?"

Mpwa akadakia, "Mjomba, mimi najua kupika." Mamake akacheka: "Unajua kupika chai."

Nilitaka kujibu haraka nikashindwa. Shemeji yangu ni mkulima wa miwa. Kiwanda cha Mumias kilipokuwa na nguvu, fedha za miwa zilisomesha ukoo mzima. Tangu kiwekwe chini ya mrasimu mwaka 2019, nyumba ile haina tena pesa ya kutegemea mwisho wa mwezi. Kosa dogo kwenye hesabu hii linaweza kumrudisha kijana nyumbani kabla ya mtihani wa kwanza.

Wazazi wengi bado wanaamini kwamba ukilipa hosteli umelipa na chakula. Zamani ilikuwa hivyo. Waliosoma vyuo vya umma miaka ya 1970 na 1980 walikula bwaloni bila kutoa senti mfukoni. Mfumo wa kugawana gharama ulipoingia mwaka wa masomo wa 1991/92, mwanafunzi akaanza kulipia kila sahani. Bodi ya mikopo, HELB, ikaundwa mwaka 1995. Kwa hivyo anayelipa hosteli leo amelipia kitanda tu. Chakula ni hesabu nyingine, na hosteli nyingi haziruhusu kupika chumbani.

Mimi nilisoma baada ya mabadiliko hayo. Mwenzangu wa chumba, pesa zikimwishia, alikuwa akilala saa moja jioni ili usingizi umfikie kabla ya njaa. Baadaye akanunua koili akawa anapikia kwa siri chini ya kitanda. Siku moja godoro lilishika moto. Tuliuzima, lakini alifukuzwa hosteli wiki hiyo hiyo. Nilimsimulia mpwa wangu kisa hicho mbele ya mamake, ajue kwamba kupika kwa kujificha hakumo katika chaguo letu.

Tukachukua karatasi. Katika mpango wa ufadhili ulioanza 2023, mkopo wa kujikimu ulipangwa kuwa kati ya Sh40,000 na Sh60,000 kwa mwaka, kulingana na kundi aliloingizwa mwanafunzi. Ukigawa kwa mihula miwili ya wiki 16, anayepata kiwango cha juu ana kama Sh268 kwa siku, na wa kiwango cha chini ana kama Sh179. Humo mna malazi, chakula, sabuni na karatasi za kuchapisha kazi.

Tuseme sahani ya bwaloni ni Sh70. Sahani mbili kwa siku ni Sh15,680 kwa muhula, bila chai ya asubuhi. Sasa tuseme chumba cha nje ni Sh4,000 kwa mwezi. Miezi minne ni Sh16,000 kabla hajanunua unga, na bado kuna dipoziti, mtungi wa gesi na sufuria. Isitoshe, mwenye nyumba hajui likizo. Chumba ukikiacha tupu miezi mitatu utakilipia, au urudi kuanza kutafuta upya. Akiwa peke yake, kijana anayejipikia hupoteza kwenye kodi alichookoa kwenye chakula. Wakiwa wawili katika chumba kimoja, kodi inashuka hadi Sh8,000 kwa muhula, na hapo jiko linaanza kushindana na bwalo.

Lakini jambo lililonifungua macho halikuwa kwenye karatasi. Shemeji alinyamaza muda mrefu, kisha akasema: "Mimi pesa sina. Mahindi ninayo."

Bwalo linataka pesa taslimu kila siku. Mkopo ukichelewa, na wanafunzi wamelalamikia jambo hilo mara nyingi, wa bwaloni hana sahani jioni hiyo. Mwenye jiko na nusu gunia la unga atakula ugali na sukuma akingoja. Nyumba yenye shamba itume chakula, na basi litabeba gunia la mahindi na debe la maharagwe. Mvuvi wa Takaungu au mwendesha bodaboda wa Mtwapa ambaye mwanawe ameitwa Masinde Muliro, Kakamega, yuko kinyume chake: hana gunia, ila hupata kidogo kidogo kila siku. Huyo anaweza kutuma pesa ya sahani kwa simu jioni, na bwalo litamfaa.

Vyuo navyo vinaweza kusaidia. Tangu 2023, kaunti ya Nairobi imekuwa ikiwalisha watoto wa shule za msingi katika mpango wa Dishi na County, mzazi akichangia Sh5 kwa mlo. Chuo hakihitaji kufika huko. Kingeruhusu mzazi alipie sahani za muhula mzima mapema, miwa au korosho zinapouzwa, ili pesa hiyo isiishie kwenye data na viatu. Na kila hosteli ingekuwa na jiko moja la pamoja lililo salama, koili zingepungua zenyewe.

Tulikubaliana hivi. Muhula wa kwanza atakaa hosteli, kwa sababu hajui mtu wa kuishi naye, na kupanga chumba na usiyemjua ni kutafuta kesi. Gunia litawekwa kwangu Kibaoni. Kila Jumamosi atakuja kupika, nami nitaonja. Akishapata mwenzake wa kuaminika, watahamia nje na gunia lao.

Gunia lilifika juzi kwa basi. Mwenyewe anafuata wiki ijayo, na mamake ameniagiza kwa simu: "Usimpikie, kaka. Mwache aunguze mwenyewe."