Kosa Lenye Mantiki

Juma lililopita, nikisahihisha insha za wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza, nilikutana tena na sentensi ile ile: "I did not saw him." Enzi zetu, kosa hilo lilituletea kiboko. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Kicheko cha darasani bado kipo.

Hebu msomaji aitazame lugha yake kwanza. Katika Kiswahili, alama ya wakati hukaa ndani ya kitenzi: nilimwona, ulimwona? Hata tunapokanusha, "-li-" huipisha "-ku-", tukasema sikumwona, na wakati uliopita haukihami kitenzi. Kiingereza sivyo. Kikikanusha au kuuliza, wakati huhamia kwenye "did", kitenzi kikabaki uchi. Mwanafunzi wangu amekataa tu kukivua kitenzi chake nguo!

Watoto wa Kiingereza nao husema "goed" kabla ya kuizoea "went", wala hawaitwi wajinga.

Mwalimu angeziandika sentensi hizo mbili ubaoni, ya Kiswahili kando ya ya Kiingereza, jambo lingeeleweka upesi. Lakini katika shule nyingi Kiswahili hakikaribishwi kwenye kipindi cha Kiingereza, hata kama shahidi.