Kalemie: namba ya siri si ya kumwachia mtu wa kabine

Hapa mjini Kalemie, simu nyingi zimebandikwa karatasi ndogo nyuma kwa skochi, na juu yake tarakimu nne. Ndiyo namba ya siri ya M-Pesa au Airtel Money. Wengine wanaiandika ndani ya simu, kwenye orodha ya majina. Mwizi akichukua simu, amechukua na pesa.

Kuna wanaosema ni ujinga wa wakimbizi wa ndani. Si kweli, wenye diploma nao wanafanya vilevile. Mama aliyekimbia kijiji usiku, na sasa simu yake moja inatumiwa na nyumba nzima, akiambiwa tu "usiandike popote" hajasaidiwa. Anadhihakiwa.

Lakini jambo moja halina udhuru. "Mama, nipe namba nikutolee haraka." Maneno hayo yanasemwa kwenye kabine kila siku, kwa heshima kabisa. Hakuna kazi ya kabine inayodai namba hiyo! Mwenye simu ndiye anayeibonyeza kwa kidole chake. Asiyejua kusoma aje na mtoto wake. Kijana wa kabine anaweza kuwa mwema, ila kesho ataondoka, na daftari lenye namba za watu litabaki kwa mwingine.

Wenye simu za kisasa wana shida ileile. Muuzaji anawafungulia akaunti ya Google kwa neno la siri analolijua yeye peke yake. Siku simu ikifutwa yote, Android inaweza kuuliza akaunti ile, na mwenye simu akabaki na kioo kisichofunguka.

Basi iwekwe wapi? Tarakimu nne zikae kichwani. Zisiwe mwaka wa kuzaliwa, maana huo umeandikwa kwenye kadi ya mchaguzi, ambayo mara nyingi iko mfuko mmoja na simu. Anayesahau aandike karatasini bila kutaja ni ya nini, aifiche mbali na simu. Kwa maneno marefu ya Facebook au barua pepe, zipo programu za bure zinazoyafungia kama sanduku: Bitwarden, au KeePassDX isiyohitaji hata intaneti. Unakumbuka neno moja tu la kufungua sanduku. Hilo nalo liwe refu, na simu yenyewe iwe na kifungo cha kioo, vinginevyo ni bure.

Na wale wanaogawa msaada kwa njia ya simu? Watu wanasimama foleni tangu asubuhi, majina yanasomwa kwa kipaza sauti. Dakika tano za kueleza haya, kwa Kiswahili, zinakosekanaje? Makampuni ya simu nayo yabandike tangazo kwenye kila kabine: wakala haruhusiwi kuuliza namba ya siri.

Aliyekwisha kumpa mtu namba yake aibadilishe leo, kabla pesa nyingine haijaingia.