Kihariri kipi kinafaa? Akufaaye kwa dhiki

Vijana wanaoanza kuandika programu huku pwani huniuliza swali moja: "Kaka, nitumie kihariri gani?" Yaani ile programu tunayoandikia msimbo. Wengi wametaka kusikia VS Code ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2015. Sina ugomvi nayo, naitumia. Lakini imebeba kivinjari kizima tumboni, na kwenye laptopu ya mtumba yenye memori ya GB 4 utaihurumia mashine.

Jibu langu ni hili: chagua kwa kuangalia siku mbaya, sio siku nzuri.

Mimi niko Tiwi. Usiku mmoja ukurasa wa malipo wa mteja ulikwama, na papo hapo umeme ukakatika. Betri ya laptopu ilishakufa zamani. Nikaingia kwenye seva kwa simu. Kule hakuna madirisha wala vitufe vya kubofya, lakini Vim ilikuwapo. Nikiwa katikati ya kurekebisha, mtandao nao ukapotea! Niliporudi nikaandika vim -r na jina la faili, kazi yangu ikarejea. Vim huweka akiba pembeni kila baada ya herufi 200, au ukiacha kuandika kwa sekunde 4.

Tena Vim si mgeni kwetu. Ukiifungua bila faili, hukuomba uwasaidie watoto wa Uganda. Bram Moolenaar, Mholanzi, aliitoa mwaka 1991. Mwaka 1994 alifanya kazi ya uhandisi wa maji na usafi katika kituo cha watoto cha Kibaale, wilaya ya Rakai. Programu aliigawa bure, akaomba tu mwenye kuipenda achangie kule. Alifariki Agosti 2023, na wenzake wanaiendeleza hadi leo. Atom, kihariri kilichokuwa na kampuni kubwa nyuma yake, kilifungwa Desemba 2022.

Kwa hiyo mchana tumia unachokipenda. Ila tenga alasiri moja ujifunze mambo manne ya Vim: i ya kuanza kuandika, Esc ya kuacha, :wq ya kuhifadhi na kutoka, :q! ya kutoka bila kuhifadhi. Usingoje kujifunza gizani, mteja akipiga simu.

Wahenga walishasema: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.