Kinamasi kina haki, na sisi tuna mdomo

Kila semina ya mazingira tunayoitwa ina wimbo mmoja: wakimbizi mnakata miti, wakimbizi mnachoma makaa. Tunapewa miche, tunapigwa picha, tunarudi nyumbani. Sijawahi kusikia mwezeshaji hata mmoja akitusomea sheria.

Basi niwasomee mimi. Sheria ya Mazingira ya Uganda ya mwaka 2019, kifungu cha 4, inasema maumbile yana haki ya kuwepo, kudumu na kujirudishia uhai wake. Halafu inasema mtu anaweza kwenda mahakamani haki hizo zikivunjwa. Angalieni neno lenyewe: mtu. Katiba, ibara ya 39, inampa kila *Mganda* haki ya mazingira safi. Kifungu hiki hakiulizi kitambulisho. Na Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inatufungulia mlango wa mahakama. Kwa hiyo asituambie mtu eti "haya ni mambo ya wenyeji."

Wengine watasema haki za kinamasi ni anasa, mtu kwanza ale. Jamani, hapa Kampala nani anakaa karibu na kinamasi? Ni sisi, pamoja na Waganda maskini wenzetu, kwa sababu kodi ya huko ndiyo tunayoiweza. Kinamasi ndicho kinachomeza maji ya mvua na kuchuja uchafu wa mji. Kikifukiwa, maji yanakuja kulala kitandani kwako.

Lakini tuseme ukweli wote. Juni 2024, NEMA ilibomoa nyumba za watu Lubigi kwa jina la kinamasi. Miezi miwili baadaye, tarehe 10 Agosti, mlima wa takataka za mji mzima uliporomoka Kiteezi, ukaua watu zaidi ya 30. Maskini anafukuzwa kwa kuharibu mazingira, halafu anafukiwa na taka za wengine. Haki ya maumbile isiyomhesabu mtu ni tingatinga tu lenye jina zuri.

Tena kifungu hichohicho kinamwachia waziri kutaja kwa kanuni ni maeneo gani ya hifadhi yatakayopata haki hizo. Hapo ndipo pa kupigia kelele: Lubigi imo? Msitu ulio jirani na kambi yako umo?

Nyinyi wa mashirika, miche tunashukuru. Safari ijayo leteni na mwanasheria.