Kabla hujaandika "inaingia gari zote", soma hii

Wadau, leo nataka nigombane kidogo na sisi wenyewe. Wateja na washindani nawaacha pembeni. Nasema na sisi tunaouza mtandaoni.

Kuna maneno matatu tunayapenda sana: "Inaingia gari zote." Mimi niliyaandika mwenyewe kwa mkono wangu, nikaweka na alama ya moto pembeni. Yakanitoa 225,000.

Nauza spea na vikorokoro vya magari hapa Arusha. Sina fremu. Stoo yangu ni chumba kimoja nyumbani Sakina, duka langu ni Instagram na stetasi ya WhatsApp. Mzigo natoa Kariakoo, unapanda basi, kesho yake niko stendi naupokea. Wengi wenu mnafanya hivyo hivyo, iwe ni viatu, vipodozi au vyombo.

Mwaka jana vijana wenye Subaru za tabo walianza kuulizia kechi keni, lile kopo la kukamata oili. Nikaona fursa. Nikachukua kwa 38,000, nikauza 75,000. Kopo zuri, rangi ya bluu, linang'aa. Picha ikapendwa balaa.

Mteja mmoja wa Kijenge, ana Forester ya tabo, akaniuliza inboksi: "Kaka, hiyo inaingia kwangu?" Nikajibu ndani ya sekunde kumi: "Inaingia gari zote mkuu."

Sikumuuliza injini gani. Sikumuuliza mipira yake ina upana gani. Na ukweli ni kwamba hata ningeuliza, nisingejua la kufanya na jibu lake.

Wiki mbili baadaye ananipigia. Alikuwa anapandisha kutoka Usa River kuelekea Momella na familia, wanaenda kutembea hifadhini. Katikati ya mlima moshi mweupe ukatoka kwenye boneti. Akasimama, akafungua, oili imetapakaa kote na inadondokea kwenye ekzosi ya moto. Dipstiki imeruka. Watoto wako ndani ya gari.

Mungu saidia hakuna moto uliowaka, na alizima injini kabla haijanoki.

Jibu langu la kwanza, nawaambia kwa aibu, lilikuwa hili: "Mkuu, mimi nilikuuzia kopo, sikukufungia." Usiku huo sikulala. Asubuhi nikaenda kumwona.

Kilichotokea ni nini?

Nielezeni kwa lugha ya kawaida, maana hata kama huuzi spea kuna somo lako hapa.

Injini yoyote inavujisha kidogo. Ule moto wa juu ya pistoni, sehemu yake inapenya kwenye ringi na kushuka chini kwenye oili. Kule chini presha inajaa, kwa hiyo injini imewekewa mipira ya kupumulia. Hewa ile inatoka ikiwa imebeba mvuke wa oili, na kiwandani wameipanga irudi kwenye mdomo wa kuvuta hewa ikachomwe tena.

Kwenye gari ya tabo mvuke huo unapita kwenye tabo na intakula, unaacha utando wa mafuta. Kwenye dizeli za kisasa, oili hiyo inakutana na masizi yanayorudishwa kutoka ekzosi, na vikichanganyika vinakuwa kama lami kwenye manifoldi. Wenye Prado za 1KD wanaijua hadithi hii. Kopo kazi yake ni kukaa katikati ya njia: hewa ipite, oili ibaki.

Sasa sikia. Nipo hapa Arusha, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kuliko Dar, tabo inakazana zaidi kufikisha msukumo uleule, na ukianza kupanda kuelekea Meru mguu wako uko chini kwenye mafuta muda wote. Huo ndio wakati injini inahitaji kupumua kuliko wakati mwingine wowote.

Kopo nililouza lilikuwa na midomo myembamba kuliko mipira ya gari. Fundi akaunganisha mipira yote miwili ya kupumulia kwenye kopo hilo hilo, na akatumia mpira wa maji. Mpira wa maji ukikutana na oili ya moto unavimba na kulainika. Mlimani ukajikunja. Injini ikakosa pa kupumulia, presha ikatafuta njia yake: ikarusha dipstiki na kusukuma sili.

Nikalichukua lile kopo nyumbani, nikalikata kwa msumeno. Ndani hamna kitu. Tupu kabisa, kama kopo la maziwa. Hewa inaingia huku inatoka kule, na oili yake vilevile.

Yaani nilikuwa nauza bidhaa ambayo sijawahi kuiona ndani.

Nilimrudishia 75,000 yake, nikachangia 150,000 ya kuvuta gari na kubadili sili. Toa faida ya 37,000 niliyokuwa nimeshaihesabu, nimebaki na hasara ya 188,000. Kuirudisha ni faida ya makopo matano, na bado inapungua 3,000. Hayo ndiyo mahesabu ya "inaingia gari zote".

Msimamo wangu

Kuna watakaosema: mfanyabiashara mdogo hawezi kuwa fundi. Kazi yangu ni kuuza, kufunga ni ya gereji. Niliwahi kusema hivyo hivyo. Siku hizi sikubali.

Mteja anayeingia dukani analishika kopo, analitikisa, anachungulia mdomo. Mteja wa mtandaoni ana picha yako na neno lako tu. Ukiandika inaingia, wewe ndiye umepima kwa niaba yake. Kama hukupima, umemdanganya, hata kama hukukusudia.

Sikuambii ujue kila kitu. Ninachosema ni kwamba usiuze kitu ambacho huwezi kueleza kinaharibikaje. Kujua faida zake ni rahisi, zimeandikwa kwenye boksi. Jiulize, kikifungwa vibaya kinafanya nini? Ukikosa jibu, bado hujawa tayari kukipandisha stetasi.

Ninavyouza sasa hivi

1. *Nafungua na kupiga picha ya ndani.* Kopo la maana lina sahani za kugeuza njia ya hewa au wavu wa chuma uliobanwa vizuri. Mafundi wengine wanajaza stilwaya ya kusugulia sufuria. Usikubali, vipande vikikatika vinavutwa kwenda kwenye tabo.

2. *Naweka vipimo kwenye posti.* Mdomo una milimita ngapi, kwa kipimo cha kaliba, siyo kwa macho. Nampa mteja kanuni moja: mdomo usiwe mwembamba kuliko mpira wa gari lake. Na napuliza kwa mdomo wangu: hewa ipite bila kukuzuia.

3. *Nauliza maswali matatu kabla ya bei.* Injini gani? Petroli au dizeli? Inakula oili kiasi gani kwa mwezi? Dizeli kubwa zenye tabo nazielekeza kwenye makopo makubwa yenye valvu ya usalama inayofunguka kichujio kikiziba, mfano Mann+Hummel ProVent 200. Ukiuza ya namna hiyo hakikisha ni ya kweli. Bidhaa bandia siyo suala la mteja kulalamika tu, Tume ya Ushindani inahusika nayo.

4. *Siuzi kopo peke yake.* Linatoka na mpira wa kuhimili oili na klipu zake. Bei imepanda, wateja wa bei chee wamepungua, na simu za lawama zimeisha.

5. *Natuma maelezo ya sauti, dakika mbili, ampe fundi.* Kopo likae mbali na tabo na ekzosi, sehemu yenye upepo, lisigongegonge. Mpira usijikunje. Lile la kwenye njia ya manifoldi lisivuje hata kidogo, likivuja injini inavuta hewa ya wizi na sailensi inayumba. Kuacha mpira wazi chini ya gari ni kukwepa kazi: harufu inaingia ndani na oili inadondoka njiani.

6. *Nafuatilia baada ya mauzo.* Namwambia afungue baada ya kilomita 500 aone limejaa kiasi gani, halafu asipitishe zaidi ya kila anapobadili oili. Kopo lililojaa ni hatari. Mwezi wa sita na wa saba, baridi yetu hii, atakuta kitu kama chai ya maziwa. Asipaniki: mara nyingi ni unyevu tu, hasa kwa wenye safari fupi za Sakina hadi mjini. Ila aangalie maji ya rejeta. Yakiwa yanapungua, aende kwa fundi siku hiyohiyo. Na uchafu huo asimwage mferejini. Themi na Naura zinashuka kutoka Meru, na kuna watu wanamwagilia mboga chini huko.

La mwisho ndilo gumu

Siku hizi karibu nusu ya wanaoniulizia kopo nawaambia wasinunue. Kama injini inakula lita nzima ya oili kabla ya muda wa kubadili, kopo halitibu. Ringi zimechoka au tabo inavuja. Kopo litakusanya tu oili na kuficha ugonjwa, mpaka siku inoki. Namwambia: "Kaka, hela hiyo peleka kwa fundi apime presha ya silinda kwanza."

Inauma kuiacha 37,000 iende huku kodi inakusubiri, nakiri. Lakini mteja uliyemkatalia kwa sababu anakukumbuka. Mmoja alirudi baada ya miezi mitatu, injini imeshafunguliwa na kurudishiwa, akanunua kopo, filta na oili, na akaniletea wenzake wawili wa gari za utalii.

Na yule wa Kijenge? Bado ni mteja wangu. Alifunga kopo lingine, la kwangu, na safari hii nilikaa gereji mpaka fundi akamaliza. Mwezi uliopita alipandisha Momella na familia yake. Akanitumia picha ya watoto getini, bila maneno.

Sasa wewe. Nenda kwenye posti zako leo, tafuta "inaingia zote", "inafaa ngozi zote", "saizi zote". Kisha ujibu moja tu: umepima?