Uyoga wa Kichuguuni: Kitoweo au Dawa?

Mvua za vuli zinapoinyeshea Tala na vitongoji vya Matungulu, vichuguu huchipuza uyoga, na wanaoujua huuwahi kabla haujaoza. Tangu jadi, huo umekuwa kitoweo. Siku hizi kitoweo hicho kimevishwa joho jipya: dawa. Madukani na katika simu za mkononi, tunauziwa unga na vidonge vya uyoga vinavyodaiwa kutibu kisukari, shinikizo la damu na hata saratani. Mimi si tabibu wala mkemia. Kazi yangu ni lugha. Hata hivyo, naamini kwamba tatizo hili lina mzizi wake katika lugha.

Neno "dawa" katika Kiswahili limetwikwa mizigo mingi. Kuna dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu, dawa ya mganga na dawa ya hospitali. Muuzaji anaponadi kwamba uyoga ni dawa, hawezi kulaumiwa kisarufi. Lakini mgonjwa anayemsikiliza huwaza hospitali. Yafaa basi tutenganishe mambo matatu: chakula, kiini kinachochujwa kutoka chakula hicho, na dawa iliyothibitishwa kwa wagonjwa.

Kama chakula, uyoga hauna ubishi. Una protini, nyuzinyuzi na vitamini za kundi B; na ukianikwa juani, kemikali yake iitwayo ergosteroli hugeuka kuwa vitamini D. Isitoshe, ni miongoni mwa vyakula vyenye ergothionini nyingi zaidi. Kiini hiki kiligunduliwa na Mfaransa Charles Tanret mwaka 1909. Mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea, lakini mwaka 2005 watafiti walitambua protini maalumu inayokiingiza katika seli zetu. Yamkini mwili hauwezi kukitunza kiasi hicho bila sababu. Lakini "yamkini" si "hakika".

Sasa tuutazame uyoga wa kichuguuni wenyewe, ambao wanasayansi huuita Termitomyces. Hutokana na kuvu inayolimwa na mchwa ndani ya kichuguu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa Japani walichuja kutoka uyoga wa jamii hii uliotoka China viini walivyoviita termitomaisesifini, vikaonekana kuchochea seli za panya zikue mfano wa seli za neva. Ni habari njema, ila seli hizo zilikuwa maabara, si ndani ya kichwa cha mzee aliyepoteza kumbukumbu. Hata lentinani, kiini cha uyoga wa shiitake kilichoidhinishwa Japani mwaka 1985 kwa wagonjwa wa saratani ya tumbo, hudungwa kwa sindano pamoja na dawa nyingine za saratani. Hakinywewi kama mchuzi, wala hakitumiki peke yake.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Mgonjwa wa kisukari akitupa insulini kwa ajili ya kijikopo cha unga, kidonda hicho kitamfisha.

Fauka ya hayo, kuna hatari ya jina. Kiswahili sanifu hutosheka na neno moja, "uyoga", kwa unaolisha na unaoua. Lugha zetu za nyumbani zina utajiri zaidi. Waganda, ambao wana hata ukoo wa Butiko, yaani wa uyoga, huwa na jina la jumla obutiko, kisha huubagua uyoga mdogo wa mchwa kwa jina obubaala. Majina kama hayo si mapambo, ni ngao. Baadhi ya aina za Amanita zina sumu inayoharibu ini. Sumu hiyo haiishi kwa kupikwa, na dalili zake huchelewa saa sita au zaidi, wakati mlaji ameshajiona salama. Mtoto wa Tala asiyejua majina waliyoyajua nyanya zake kwa Kikamba amenyang'anywa ngao hiyo.

Zaidi ya usalama, kuna haki. Kifungu cha 69 cha Katiba ya 2010 kinaitaka Serikali ilinde maarifa ya kiasili kuhusu viumbe hai, na sheria ya kulinda maarifa hayo ilipitishwa mwaka 2016. Lakini maarifa yanayokufa bila kuandikwa yatateteaje? Kampuni ikija kesho kuchuja viini vya uyoga wetu, tutadai fungu letu kwa ushahidi gani?

Ndiyo maana nawasihi walimu na wanafunzi: mvua zijazo, nendeni kwa wazee mkiwa na daftari. Andikeni jina la kila uyoga kwa lugha ya nyumbani, unapoota, unavyopikwa na unaofanana nao kwa sumu. Msiuonje msioujua, wapelekeeni wataalamu wa Makavazi ya Kitaifa. Na mtu akiwaambia kwamba uyoga unatibu, muulizeni: umetibu nani, kwa kipimo gani, na nani aliyeshuhudia?

Kitoweo kibaki kitoweo, hadi siku kitakapostahili jina jingine.