Kompyuta za Umma Zisielemewe
Hatuna budi kuwakumbusha watumishi wa Serikali wilayani Biharamulo, na ndugu zetu wa visiwa vya Muleba, kwamba kompyuta, kama punda, ina kikomo cha mzigo. Utaratibu wa BitTorrent, uliotolewa mwaka 2001, hukata faili vipandevipande, na kila kipande kikifika prosesa hukihakiki. Mafaili mengi yakisafirishwa kwa wakati mmoja, prosesa huelemewa; kazi za ofisi hukwama, na mwananchi aliyevuka ziwa kufuata huduma huambiwa asubiri.

Dawa si kukimbilia kuagiza mashine mpya kwa fedha za umma. Mafaili yapange foleni, mawili au matatu kwa zamu. Idadi ya miunganisho ipunguzwe. Yaliyo makubwa yaachiwe usiku. Mtaka yote hukosa yote.